Viatu Nje ya Chumba cha Vanishi

Mtu akiniambia amezima stima, simwamini. Hata awe mke wangu. Naenda mwenyewe mpaka kwenye swichi, naitazama, naitazama tena, kisha natoa testa yangu na kuuuliza waya wenyewe. Watoto wangu hunicheka. Wanasema baba anashuku hata ukuta. Wacha wacheke. Hakuna hata mmoja wao aliyefanya kazi Thika wakati wa Hali ya Hatari, tena katika kiwanda cha vanishi.

Nilitoka magharibi, upande wa Maragoli. Miaka ile ya hamsini wenyeji wa Thika na Ruiru walikuwa wameshikwa kwa wingi na kupelekwa kambini, na wenye viwanda walitaka mikono ambayo serikali haikuiogopa. Mikono yangu ilikuwa hiyo, na ilijua kazi ya waya. Nilipata chumba Ruiru, karibu na stesheni, nikawa napanda treni asubuhi hadi Thika. Ndani ya treni watu walinyamaza kabisa. Ukimsalimia jirani yako, kwanza anageuka kuona ni nani amesikia, ndipo aitikie. Baada ya muda hata mimi nikaacha kusalimia. Nikawa natazama viatu vya watu tu, kwa sababu macho yao yalikuwa na maneno mengi mno.

Kiwanda kilikuwa cha kiasi. Nyuma kabisa, mbali na ofisi, kulikuwa na chumba cha kuchanganyia, ambako vanishi ilikorogwa na petroli katika mapipa makubwa yaliyo wazi. Sasa, mvuke wa petroli ni kitu cha hila. Huuoni. Haupandi juu kama moshi; unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa pole pole mpaka kwenye kifundo cha mguu, na hapo unatulia. Msumari mmoja wa kiatu ukikwaruza saruji ukatoa cheche, basi, kwisha maneno.

Ndiyo maana chumba kile kilitiwa stima kwa namna yake. Taa zilikuwa za chuma kizito na kioo kinene, zimekazwa kwa bolti pande zote, na bolti moja ikikosekana hatuwashi. Waya zote zilipita ndani ya paipu za chuma. Swichi haikuwa ndani. Ilikuwa nje ukutani, hatua chache kutoka mlangoni, kwa sababu swichi ikibonyezwa hutoa kacheche kadogo ambako huku nje si kitu na kule ndani ni msiba. Paipu kutoka kwenye swichi ilibidi ivuke mlango, basi nikaikunja mwenyewe ikapita juu yake kwa upinde safi, bila kasoro. Niliipenda sana kazi ile. Injinia wetu, Mzungu mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha, aliitazama akasema ni nzuri, na yeye hakuwa mtu wa kusema kitu ni kizuri.

Kuingia nako kulikuwa na sheria zake. Unavua viatu, unaviacha kwenye ngazi ya mlangoni. Unatoa kiberiti, sigara, sarafu, kisu, saa, mshipi wenye chuma, unaviacha vyote kwenye sanduku la mbao. Unaweka kiganja kwenye bamba la shaba nililolifunga ukutani, ambalo waya wake niliuzika ardhini, ili ule umeme mdogo unaokaa kwenye sweta ushuke kabla hujaingia nao. Halafu unainua mguu kuvuka kizingiti, kilichojengwa juu ili petroli ikimwagika isitoke. Na sheria ya mwisho, ambayo ilikuwa ya meneja wala si ya injinia: ukitoka, usimwambie mtu yeyote tunavyochanganya. Meneja aliwaogopa wenye viwanda wenzake kuliko alivyoogopa moto.

Aliyesimamia haya yote alikuwa Mkikuyu mmoja tuliyemwita mzee wa mlango, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Aliishi Gatongora, katika kimoja cha vile vijiji vipya ambamo serikali iliwakusanya watu na kuvizungushia handaki na seng'enge. Alikuja kazini kwa pasi, kile kibali cha serikali cha kutoka kijijini, pamoja na jirani yake, mwanamume mpole aliyekuwa mkorogaji wetu mkuu, na jioni wakarudi pamoja. Mzee wa mlango alikuwa na mdomo, jamani. "Wewe Kavirondo, toa hiyo spana mfukoni kabla sijakutoa wewe!" Kavirondo ndilo jina walilotuitia watu wa magharibi. Hata injinia alimgeuza mifuko. Injinia akicheka, yeye hacheki.

Nami nilimshuku. Kwa nini mtu mwenye mdomo kama ule bado ana pasi, wakati wapole wamechukuliwa? Ama ni shujaa, ama analipwa. Yeye naye alinishuku mimi. Kwa nini serikali inampenda sana huyu mtu wa magharibi? Tulikula chakula cha mchana tumekaa bega kwa bega chini ya swichi, na kila mmoja alichagua maneno yake kwa uangalifu kama anayetoa miba kwenye samaki.

Sikuwahi kuona kiapo kikiliwa, kile cha siri cha kuipinga serikali ya Wazungu. Lakini hakuna aliyeishi Ruiru siku zile asiyesikia kilivyoliwa. Mtu anavuliwa viatu. Anatolewa kila kitu cha chuma mwilini, sarafu na saa. Anapitishwa chini ya upinde wa migomba, anagusishwa hiki na kile, na anaapa kwamba hatasema nje. Serikali ikijua umekula, umekwenda. Na ikijua umelisha wengine, inaanza kuzungumza habari za kamba ya kunyongea. Sasa rudi usome tena zile sheria za mlango wetu. Sote tulifanya kazi pale, na hakuna aliyeliona jambo lile. Ama waliliona wakanyamaza, na hilo ndilo ninaloliamini zaidi.

Siku moja akaletwa kibarua mpya kutoka Ngoliba, mtu mzima aliyekuwa amezoea kukata mkonge juani. Mzee wa mlango akaanza wimbo wake, haraka haraka, kama kila siku. "Vua viatu. Toa sarafu. Toa chochote cha chuma. Gusa hapa. Inua mguu, pita. Na mambo ya humu ndani usiyapeleke nyumbani."

Yule mtu alikuwa ameshavua viatu na kutoa sarafu. Akasimama. Akaitazama paipu yangu juu ya mlango, jinsi ilivyopinda. Akatazama ndani, ambako kulikuwa na giza kwa sababu nilikuwa bado sijawasha taa.

"Wazee," akasema, "mimi niko na watoto. Tafadhali. Mimi sili."

Mzee wa mlango alielewa kabla yangu. Niliuona uso wake ukigeuka. "Wui! Ngoja! Hii ni petroli, wewe!" Lakini mtu alikuwa ameshashika njia, peku, ameacha viatu vyake kwenye ngazi na pesa zake kwenye sanduku. Alivuka lango la kiwanda akipiga mayowe.

Tulikuja kujua baadaye kwamba homugadi, wale walinzi wa vijijini wa serikali, walimsimamisha barabarani, kwa maana mtu mzima anayekimbia bila viatu mchana kweupe ni lazima asimamishwe. Wakamuuliza anakimbia nini. Akawaambia. Mpaka jua kutua, habari ilikuwa imefika kituo cha Ruiru: Thika kuna kiwanda ambacho watu wanalishwa kiapo saa za kazi, na anayewalisha ni Mkikuyu wa Gatongora.

Siku zilizofuata mzee wa mlango alikosa mdomo. Alipekua watu bila neno. Mchana mmoja, tukiwa tumekaa, akaniambia bila kunitazama, "Hiyo paipu yako, Kavirondo, itaninyonga."

"Basi tuikate," nikasema. "Naipitisha chini, kazi ya nusu siku."

"Ukiikata leo, kesho watauliza tumeficha nini." Akatema mate. "Iache hapo."

Nikaiacha. Siku zile hata kurekebisha kitu kulikuwa ushahidi. Niliogopa kwa ajili yake, na nisifiche, niliogopa zaidi kwa ajili yangu.

Walikuja asubuhi. Gari la askari, na afisa kijana wa Kizungu, pua imeungua na jua, bastola kiunoni, buti zenye misumari zikilia kwenye saruji ya uwanja. Tukapangwa mstari. Injinia alikuwa Nairobi hospitalini na kikohozi chake. Meneja akatoka mbio akaeleza: petroli, cheche, sheria ni zake yeye. Kizungu changu kilikuwa cha karakana lakini kilitosha kusikia afisa alivyomjibu. Alisema anaamini kabisa kwamba sheria ni za meneja. Lakini mtu akitaka kulisha kiapo, angepata wapi mahali pazuri zaidi pa kujificha kuliko nyuma ya sheria ya Mzungu? Meneja akakimbilia ofisini kumpigia simu mkubwa wa yule kijana.

Nikasema moyoni, huyu anashuku vizuri kuliko mimi.

Kisha wakamshusha mtu wa gunia. Kwa asiyejua, huyu ni mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani mpaka chini ya magoti, lina matundu mawili ya macho. Hasemi, asije akajulikana kwa sauti. Anapitishwa mbele ya watu, na anayemtikisia kichwa, huyo amekwisha. Hakuna kesi. Mtu anakwenda kambini miaka asiyoijua, na mkewe na watoto wanabaki ndani ya seng'enge na jina baya, bila pasi, bila wa kuwaletea unga.

Alipita polepole. Aliponifikia mimi hakusimama. Bahati yangu ilikuwa kabila langu, na hilo nalisema wazi. Alipofika kwa mzee wa mlango akasimama. Gunia likainama mbele, mara moja.

Askari wakamfunga mzee wa mlango mikono kwa kamba. Hakulia, hakubisha. Alisema tu "Ĩĩ," yaani ndiyo kwa lugha yao, taratibu, kama mtu aliyeambiwa mvua imeanza.

Kazi ya afisa ingekuwa imekwisha hapo, lakini alitaka kuona chumba chenyewe. Alitaka kupata damu ya mbuzi, au migomba, au sijui nini. Akatuleta mlangoni: mzee wa mlango na kamba zake, mtu wa gunia, askari, na mimi, kwa sababu alitaka taa. Wengine wakabaki kwenye mstari wakitutazama kwa mbali. Nikabonyeza swichi. Ndani walionekana wakorogaji wawili, waliokuwa wakikoroga kwa mwanga wa mlangoni tu, na pipa lililokuwa katikati ya kuchanganywa, ambalo haliwezi kuachwa. Afisa akawasha tochi yake, ya nini sijui, akaelekea kwenye kizingiti. Misumari ya buti ikalia.

Nilijua la kusema, na sikuweza kulisema.

"Vua viatu, bwana."

Alikuwa mzee wa mlango. Amejisogeza katikati ya mlango, mikono imefungwa nyuma, chini ya paipu yangu.

Afisa akatabasamu kwa furaha ya kweli. "Rudia."

"Vua viatu. Toa bastola. Toa tochi, toa sarafu, toa mshipi. Ama nipige risasi nikiwa hapa nje, lakini ndani hauingii na hizo buti. Kuna watu."

"Nyinyi yote iko sikia?" afisa akawauliza askari. "Yeye nasema mwenyewe!" Akamgeukia mtu wa gunia ili athibitishe.

Mtu wa gunia alikuwa peku. Hakuna aliyemwambia avue. Katika yale majibizano, wakati buti zinakaribia kizingiti, alikuwa amevua malapa yake ya tairi, ameyaweka kwenye ngazi pamoja na ya wakorogaji waliokuwa ndani, na mkono wake ulikuwa umetoka chini ya gunia na kulala kwenye bamba langu la shaba, kiganja wazi.

Afisa akakunja uso. "Wewe nafanya nini? Hii kiapo?"

Gunia likatikisika: hapana. Kidole kikazielekea buti, kikaelekea ndani, kwenye mapipa na wale watu wawili. Kisha mikono yote miwili ikapanda juu ghafla, vidole vimetawanyika, kama mlipuko. Halafu yule mtu akaanza kurudi nyuma, na miguu yake ilikuwa inatetemeka wazi, kila mtu anaiona.

Ndipo afisa akanusa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kupumua kwa pua. Akatazama chini kwenye buti zake. Akazima tochi, kisha akajutia hata kuizima, nilimwona. Akarudi nyuma akiinua miguu juu juu, kama kuku kwenye matope. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Alipofika mbali akasema wamfungue mzee wa mlango. Pole hakusema. Alikuwa ameona mtu wake mwenyewe, aliyezungukwa na bunduki, akiogopa kitu kuliko bunduki, na kitu hicho hakikuwa kiapo.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye ngazi. Watu wa chumba kile kila mmoja alikuwa na mahali pake pa viatu, na namna yake. Mmoja tu alikuwa na desturi ya kugeuza malapa yake yaelekee nje, visigino ukutani, ili akitoka ayavae na kwenda. Mkorogaji mkuu. Jirani wa mzee wa mlango. Asubuhi ile tuliambiwa ana homa. Na malapa yalikuwa pale, mahali pake, yameelekea nje.

Akiyavaa mbele ya wale wa kwenye mstari, wamemjua. Asipoyavaa, wakija kazini watayakuta, wamemjua. Na mtu aliyejulikana kwamba alivaa gunia hakufika Jumapili akiwa hai, siku zile. Alisimama pale peku, gunia linapanda na kushuka kwa pumzi.

Mzee wa mlango alikuwa anasugua mikono palipokuwa na kamba. Akatazama ngazi. Akamtazama mtu wa gunia. Nikasema, sasa anamtaja, na haki yake. Badala yake akaketi kwa kishindo juu ya ngazi, koti lake likafunika malapa yale, akavua viatu vyake mwenyewe, vya ngozi, alivyovinunua kabla ya taabu zote zile, akamrushia mtu wa gunia kifuani.

"Chukua viatu vyako uende!" akapaza sauti mpaka uwanjani. "Kwenda kabisa! Sitaki takataka zako kwa mlango wangu!"

Wote walisikia hasira, na hasira ilikuwa ya kweli, kwa hiyo wakaamini. Mtu wa gunia akavaa viatu visivyomtosha, akaburuta miguu mpaka kwenye gari.

Jioni ndani ya treni nilikaa karibu na mzee wa mlango. Miguu yake ilikuwa mitupu. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini.

"Mke wake, askari walimchukua juzi kutoka kijijini," akasema. "Wewe hukujua. Sisi tunajua."

"Lakini alikuwa amekumaliza."

"Alikuwa amenimaliza."

Sikuwa na akili nyingine ila hii ya kushuku. Nikamwambia kwamba mtu wa gunia ambaye roho yake iko mkononi mwako ni mali. Kuanzia leo hakuna atakayekutaja Gatongora nzima. Umefanya biashara.

"Labda," akasema, treni ikaingia Ruiru.

Asubuhi iliyofuata mkorogaji alikuja kazini. Alikuja peku, amebeba kitu kwapani kimefungwa kwa gazeti. Akakiweka kwenye sanduku, na kutoka kwenye gazeti ncha moja ya kiatu cha ngozi ikachungulia, imepakwa rangi upya. Akageuka kwenye ngazi. Malapa yake yalikuwa yamerudishwa mahali pake, yameelekea nje, visigino ukutani, yamepangwa kwa uangalifu. Alisimama akiyatazama. Wengine walikuwa bado hawajafika. Tulikuwa sisi watatu tu.

"Toa kiberiti," mzee wa mlango akamwambia.

Akatoa.

"Sarafu."

Akatoa. Moja ikaanguka ikabingirika mpaka kwenye mguu wangu.

"Viatu," mzee wa mlango akasema, "wewe ulivua jana."

Yule mtu akaanza kulia, kwa sauti, mtu mzima, kiganja chake kimeshika bamba la shaba asijue kukiondoa. Mzee wa mlango akamwacha kidogo. Halafu akamkemea, na sauti yake haikuwa na huruma hata ndogo: "Machozi utamalizia nyumbani. Ingia, pipa linakungoja."